Mkishamkamata: Wosia kwa Vijana wa Ulinzi wa Mtaa Wetu

Wanangu wa zamu ya usiku, na ninyi mnaotarajia kujiunga,



Mkutano wa mtaa umeniridhia nipumzike. Macho yamepungua nguvu, magoti hayakubali tena kuzunguka mpaka alfajiri, na binti yangu aliyeko Tabora amenitaka nikakae naye kabla ya masika. Filimbi, tochi na ufunguo wa kichumba cha walinzi nimevikabidhi kwa katibu mpya, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wakishuhudia. Lakini lipo jambo ambalo halimo kwenye hati ya makabidhiano, na ndilo lililonikalisha na kalamu. Nataka mjue la kufanya mkishamkamata mwizi.

Kukamata mnaweza. Mna mbio, mna pumzi, mnavijua vichochoro vyote mpaka ule unaotokea nyuma ya msikiti. Ila toka pale mkono wako unaposhika shati la mtu mpaka mtu huyo asimame mbele ya hakimu, pana kazi ndefu, haina sifa, na mitaa mingi ya Dar es Salaam imeshindwa hapo hapo.

Wakubwa kati yenu mnamkumbuka kijana aliyeuawa kwenye kona ya mashine ya kusaga. Wadogo mmesimuliwa vibaya, wengine mmeambiwa alikuwa jambazi, kwa hiyo naandika ilivyokuwa. Alitoka kusini. Basi liliharibika njiani, akafika mtaani usiku wa manane akiitafuta nyumba ya shangazi yake, simu imeisha chaji. Akagonga geti ambalo silo. Mwenye nyumba hiyo alikuwa amevunjiwa na kuibiwa televisheni wiki ile ile, akapiga ukelele: mwizi! Kijana alipoona milango inafunguka na watu wanatoka na mapanga, alikimbia, na kukimbia kwake ndiko kulikomhukumu. Hakuna aliyemuuliza jina. Sisi wa doria tulikuwa upande wa pili wa mtaa. Tulipofika tulimkuta amelala kifudifudi, tofali limepasuka vipande viwili karibu na kichwa chake, na mtoto wa darasa la nne au la tano amesimama pembeni ameshika jiwe, anangoja nafasi. Asubuhi shangazi mtu akaja ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza kama kuna mgeni aliyepotea. Begi lililookotwa mtaroni lilikuwa na korosho, unga wa muhogo na cheti cha kuzaliwa.

Siku ya pili yake polisi walikuja na karandinga. Waliorusha mawe ya kwanza walikuwa wameshahama mtaa. Waliochukuliwa ni waliotajwa majina na waliobaki wakitazama. Shtaka la mauaji halina dhamana, na upelelezi wake hauishi leo wala kesho. Mmoja wao, fundi seremala aliyetengeneza madawati ya madrasa yetu, alikaa mahabusu miaka mpaka mama yake akazikwa yeye hayupo. Mwishowe akaachiwa kwa kukosekana ushahidi, akarudi hana kazi, hana vifaa, na mchumba ameolewa kwingine.

Magazeti yaliandika kwamba kijana aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Mmezoea kuisoma sentensi hiyo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikikusanya taarifa za vifo vya namna hii mwaka hadi mwaka, na ipo miaka ambayo waliouawa nchini walihesabika kwa mamia. Sheria lakini haimjui mtu anayeitwa wananchi. Inamjua fulani bin fulani. Kanuni ya Adhabu inasema watu wakishirikiana kwa nia moja kutenda kosa, kila mmoja anahesabiwa kuwa ametenda: aliyeshika miguu, aliyevingirisha tairi, aliyekimbilia kijiweni kununua petroli ya chupa. Na adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa.

Najua mtaniambia: mzee, yule hakuwa mwizi, lakini wengine ni wezi kweli. Sawa. Wizi nao una adhabu yake iliyoandikwa. Anayepora kwa silaha, akithibitika, sheria yetu inampa kifungo kisichopungua miaka 30. Hiyo si adhabu ya kubembelezana. Mtaa unaoamua kuua hauongezi ukali wa sheria. Unaondoa tu lile swali moja la lazima, kwamba ni yeye au si yeye. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa lake halijathibitika, na inakataza kumtesa na kumdhalilisha. Ibara ya 14 inasema kila mtu ana haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka katika jamii. Jamii hiyo ni ninyi, saa nane usiku, mkiwa na rungu mkononi.

Haya siyajui kwa kusoma sheria tu. Mimi ni mzaliwa wa Kahama, na sungusungu, ule ulinzi wa jadi wa vijiji, niliiona ikizaliwa. Wengi mnaisikia kama hadithi ya bibi, kwa hiyo nivumilieni niiseme kwa urefu kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwetu kulikuwa hakulaliki. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na vikaacha bunduki mikononi mwa watu wasiostahili. Dukani hakuna sabuni wala kitenge. Wezi wa ng'ombe walikuwa wakija usiku wakiwa na silaha, na kituo cha polisi kiko mbali kiasi kwamba ukienda kuripoti, unarudi mifugo imeshavuka mkoa. Wanaume wa vijiji wakakaa chini, wakajichagulia mtemi wao na makamanda wao. Kila mwanamume akatakiwa awe na upinde, mishale na filimbi. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa kijiji hiki, kijiji cha pili kinaupokea, cha tatu kinaupokea, na kabla jua halijachomoza kila njia ya kutokea imezibwa. Ng'ombe walirudi. Mama yangu alianza tena kuacha sufuria nje usiku. Aliyepatikana na kosa alitozwa faini ya ng'ombe, na mkaidi alitengwa: hapewi moto, hachotewi maji, akifiwa hakuna wa kumsaidia kuchimba kaburi. Jambo lilianza Kahama na wilaya za jirani, likaenea Usukumani na Unyamwezini kote. Serikali mwanzoni ilisita, kisha ikalikubali, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo, sungusungu wakapewa uwezo wa kukamata.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa nimewadanganya. Nguvu ile iliyorudisha ng'ombe haikulala baada ya ng'ombe kurudi. Ikatafuta adui mwingine, na aliyekuwa karibu ni bibi kizee. Wakaanza kusaka wachawi. Mwanamke aliyepikia kuni na samadi maisha yake yote, moshi ukamtia wekundu machoni, wekundu huo ukawa ndio kosa lake. Jirani yetu mmoja alikuwa mfumaji wa vikapu. Wengi wa rika langu tulibebewa viazi kwenye vikapu vyake. Mtoto wa boma la pili akafa kwa homa, mganga akapiga ramli, jina la bibi likatajwa kwenye mkutano. Hakuna aliyeuliza mganga amejuaje. Walimfukuza kijiji na nyumba yake ikachomwa, akaondoka na mjukuu mmoja na mbuzi. Waliomfukuza ni wale wale waliorudisha ng'ombe wa baba yangu. Walikuwa watu wema, nawajua, wengine ni ndugu zangu wa damu. Kilichowapoteza ni kwamba walikuwa wameshazoea kukamata, kusikiliza na kuhukumu wao wenyewe, usiku mmoja, mahali pamoja, na hakuna aliye nje yao wa kuwauliza.

Ndiyo maana nasema mikono yenu iishie kwenye kukamata. Kauli hii sikuitoa kitabuni.

Tena kwetu huko tulikuwa na funzo jingine lililotangulia sungusungu. Mwaka 1976, Mwanza na Shinyanga, kulifanyika msako mkubwa wa watuhumiwa wa mauaji, na baadhi ya waliokamatwa wakafia mikononi mwa waliowashika, kwa mateso. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Hakumpiga mtu, hakuwa chumbani walimoteswa. Mwaka 1977 alijiuzulu hata hivyo, akaubeba wajibu kwa sababu waliofanya walikuwa chini ya wizara yake. Nchi haikumdharau kwa hilo. Mwaka 1985 akawa Rais. Nataka kila kiongozi wa zamu akae na habari hii kichwani. Usiku mnaomkamata mtu akiwa mzima, uzima wake uko chini ya jina lako. Usiseme vijana walinizidi. Kama unajua watakuzidi, usiwatoe.

Sasa niseme kazi yenyewe.

Filimbi ikilia na mtu akashikwa, wawili wamkalishe chini na kumzuia. Wengine wote mpeni mgongo. Mtazame watu, msimtazame yeye, kwa sababu kuanzia dakika hiyo hatari haitoki kwake tena, inatoka kwa wanaokuja mbio na wasiojua kilichotokea. Mjitanue, mshikane mikono. Yupo daima mtu mmoja mwenye sauti kubwa anayetaka damu. Mara nyingi hata hakuibiwa yeye. Mwiteni kwa jina lake mbele ya watu. Mtu akisikia jina lake linatajwa kwa sauti, anakumbuka kwamba kesho ataulizwa. Nimeona jambo hili likizima moto zaidi ya mara moja.

Mmoja wenu apige simu kwa mkaguzi wa polisi wa kata, namba yake imeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani ofisini, na asipopatikana apige 112. Mwingine aandike. Aandike saa, mahali, kilichokutwa mkononi mwa mtu huyo, aliyemwona akitenda, na hali ya mwili wake mlipomkamata. Hilo la mwisho lisisahaulike: kama alikuwa ameshaumizwa kabla hamjafika, liandikwe na shahidi atie sahihi. Simu yake msiifungue, na hela yake msiihesabu kwa mfuko wenu. Kichumba cha walinzi si mahabusu. Hakuna mtu wa kulazwa humo mpaka asubuhi ili "akili imrudie". Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, lakini inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumchelewesha ni kujigeuza ninyi watuhumiwa.

Kituoni ndipo wengi mnapokata tamaa. Nayajua malalamiko yenu. Mnamfikisha mtu saa tisa usiku, mnapewa namba ya RB, na baada ya siku mbili mnamwona anakunywa chai kwa muuza vitumbua. Mnasema polisi wamekula. Pengine wamekula, sitawatetea wasiostahili, maana nimewahi kuombwa hela ya mafuta ya gari na ya karatasi ya kuandikia maelezo yangu mwenyewe. Mkiombwa hivyo, msitoe. Muulizeni mkuu wa kituo, na akiwa ndiye yeye aliyeomba, simu ya TAKUKURU ni 113 na haikatwi hela. Nendeni watatu wanne, maana anayeomba rushwa hapendi kadamnasi. Lakini mara nyingi mtu yule yuko nje kwa dhamana, na dhamana ni haki yake kwa makosa mengi, kama itakavyokuwa haki yenu siku mkisingiziwa. Kuwa nje kwa dhamana hakumaanishi kesi imekufa.

Kesi inakufa kwa namna nyingine. Inakufa kwa sababu aliyeibiwa ameshapata sufuria lake na haoni haja ya kupoteza siku. Inakufa kwa sababu kijana aliyemwona mwizi akiruka ukuta alimwambia kila mtu kijiweni, ila askari alipomtaka aandikishe maelezo akasema yeye hakuona vizuri. Nimekaa kwenye mabenchi ya Mahakama ya Mwanzo nikaona hakimu akiita jina la mlalamikaji mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya, shauri linafutwa, mshtakiwa anatoka. Jioni yake watu wale wale wasiofika wakawa wanasema mahakama zimeoza, dawa ni tairi. Hili liliniumiza kuliko wizi wenyewe.

Basi jifunzeni mambo ya mahakama kama mlivyojifunza vichochoro. Mahakama ya Mwanzo haina mwendesha mashtaka wa serikali. Mlalamikaji anasimama mwenyewe kueleza shauri lake, na anahitaji mashahidi wanaofika. Siku kesi inatajwa si sawa na siku inaposikilizwa; muulizeni karani ili msipoteze nauli. Semeni mlichokiona kwa macho yenu, mlichosikia kwa watu mkiache. Ukiulizwa kulikuwa na mwanga kiasi gani na ulisimama wapi, jibu lilivyo, hata kama linampunguzia mshtakiwa. Na mtu akiumizwa, mpelekeni kituoni achukue fomu ya PF3 siku hiyo hiyo, maana kidonda kilichopona hakimwelezi hakimu kitu.

Kuhusu doria yenyewe nina machache, kwa kuwa mengi mmeyaona. Si mara ya kwanza ulinzi shirikishi kujaribiwa jijini. Mwaka 1990 Augustine Mrema, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliileta sungusungu Dar es Salaam, nami nilitoka usiku na kundi la mtaa niliokuwa nikipanga wakati huo. Mwaka 2006 likaja jambo la polisi jamii. Kila mara mwanzo unakuwa mzuri, na kila mara kinachouharibu ni kile kile: walinzi wanaanza kuwafanya watembea usiku kuwa mtaji. Muuguzi anayetoka zamu, binti wa baa anayerudi nyumbani, mpiga debe, dereva wa lori aliyeshushwa barabarani, hao wote usiku ndio saa yao ya kazi. Hawadaiwi kitambulisho kwa matusi wala "hela ya soda". Wasalimieni, waulizeni wanakwenda wapi, na penye giza wasindikizeni. Binti anayesindikizwa na doria leo ndiye atakayewapigia simu kesho akiona mtu anachungulia dirisha la jirani. Mkimpapasa au kumwomba namba ya simu, mmeshapoteza macho yake na ya wenzake wote, na kwangu mimi huyo aliyefanya hivyo avuliwe koti la doria siku hiyo hiyo.

Michango ikusanywe kwa risiti na hesabu ibandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi. Sina zaidi la kusema hapo; mtaa ukiona hesabu utatoa.

Nimekaa sana na swali la kwa nini tunaibiwa, na naona tumekuwa tukilinda nje zaidi ya ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Vyombo vya jirani yetu mama Rukia vilivyoibwa havikupaa mbinguni. Viliuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa chuma chakavu anayefungua saa kumi na moja alfajiri na asiyeuliza swali. Mita za maji zinang'olewa kwa sababu yupo anayenunua shaba. Simu inaporwa Jumatatu, Jumanne iko mikononi mwa mtu wa heshima aliyeinunua nusu bei bila risiti wala boksi, na mtu huyo analipa mchango wa ulinzi bila kukosa. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai kama wizi. Zungumzeni na wanunuzi wa chakavu mchana, kwa adabu, pamoja na mtendaji: waandike jina la anayeuza na namba yake ya kitambulisho, na wasinunue mita, mfuniko wa chemba wala sufuria kutoka kwa mtoto. Wafundisheni mama zenu kubonyeza *#06# kwenye simu zao na kuandika namba inayotokea, waiweke mahali salama. Ikiibwa, hiyo ndiyo itakayoitambua. Kazi hii haina mbio wala filimbi, ila imezuia wizi mwingi kuliko marungu yetu. Na yale mapagale mawili ya barabara ya chini wanamojificha wezi, wenye viwanja wanajulikana. Waandikiwe barua na serikali ya mtaa, wafyeke na kuziba madirisha.

Sasa niwazungumzie watoto wanaoingia kwenye wizi.

Jioni moja mwanzoni mwa Januari 2015, uvumi wa panya road, yale magenge ya vijana, ulifunga maduka ya jiji hili, watu wazima wakakimbizana barabarani. Mwaka 2022 hawakuwa uvumi. Waliingia majumbani na mapanga, wakajeruhi, wakaua. Sitapunguza uzito wa waliyoyafanya. Mimi mwenyewe nimewashika mkono watu waliokatwa. Lakini kila tulipokamata, tulikuta vijana wadogo, wengine hawajaota hata ndevu, na baadhi ni wa humu humu. Tunajua walipoacha shule, tunajua walipoanza kulala nje. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka aliye chini ya miaka 18 ashughulikiwe kama mtoto, awe na mahakama yake na mahali pake pa kushikiliwa, kama mahabusu ya watoto ya Upanga na shule ya maadilisho ya Irambo kule Mbeya. Mkimkamata mtoto, semeni kituoni kwamba ni mtoto na mwiteni mzazi na ofisa ustawi wa jamii. Msiache alale na watu wazima akahitimu huko.

Na wazazi nao. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama anayemwona mwanawe anaingia na simu tatu na kunyamaza, anadhani anamficha. Siku moja ataitwa kumtambua kwenye mtaro. Mwendeeni mapema, kabla hajakamatwa, tena amwendee mtu mzima anayemheshimu, si kundi la vijana usiku. Mtoto anayesindikizwa na mama yake kituoni anafika akiwa hai.

Mateja ni jambo tofauti na msiwachanganye. Mtu aliyeshikwa na unga, yaani dawa za kulevya, ataiba ndoo ya maji akijua utamwona, kwa sababu mwili wake unamuuma. Umpige leo, kesho ataiba tena. Muhimbili walianza kutoa dawa ya methadoni mwaka 2011, kisha huduma ikafika Mwananyamala na Temeke. Nimewafahamu vijana wa mtaa huu waliokunywa dawa ile kila asubuhi mpaka wakarudi kuwa mafundi. Mmoja ndiye aliyeweka nyaya za taa zile sita za barabarani, na tangu ziwake hajakabwa mtu hapo. Mkimkuta teja, mkamateni kama ameiba, na kesho yake mtafuteni ndugu yake mmwelekeze kliniki.

Sitaki mnielewe kwamba nawataka muwe wapole mpaka mwibiwe mchana. Mkeshe. Mkimbize. Mshike kwa nguvu zote zinazohitajika kumzuia mtu asikimbie na asidhuru, na zikitosha hizo mwache. Nimezika marafiki wawili wa doria waliokatwa na majambazi. Sijasahau, na familia zao msizisahau wakati wa michango ya shule. Ninachowakataza ni kimoja, na nakikataza kama mzee aliyewalea: damu ya mtu aliyekwisha kushikwa.

La mwisho ni la wiki hii. Mnaijua kesi ya mama lishe wa stendi ya bodaboda, aliyeibiwa mtungi wa gesi na simu. Jumanne inasikilizwa, haitajwi tu. Mshtakiwa ni mtoto wa jirani yetu, na wazee wawili wameshatumwa kwangu kuomba mambo yaishe nyumbani. Nimewajibu kwamba mtungi haukuwa wangu. Mama yule anaogopa, kwa sababu anapita mbele ya nyumba ile kila alfajiri akienda kuwasha jiko. Wawili mliomkamata kijana mpitieni saa moja asubuhi, mwende naye, mkae naye benchi moja. Nauli ya bajaji ya kwenda na kurudi nimemwachia katibu. Akitaka kusamehe, atasema yeye mwenyewe mbele ya hakimu. Ninyi mkiitwa, semeni mlichokiona.

Mzee wenu,
aliyekuwa katibu wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa